Kofi la Ijumaa

Damu ilikuwa ya kweli.

Nalisema hili mapema kwa ajili ya wale walionisimamisha wiki nzima, dukani, kwa kinyozi, hata msibani, wakidai kwamba nimewachezea shere na kwamba yule binti alipakwa rangi. Hakupakwa. Tulipomwacha alikuwa magotini katikati ya jukwaa, mdomo umepasuka, na ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi. Watu walikuwa hawajawahi kuona mwigizaji anayejua kuanguka namna ile.

Naye hakuanguka kwa ufundi. Alipigwa.

Kama ndiyo kwanza unatusoma, mambo ni haya. Binti huyo kikundi kizima kinamwita Kinda, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote na ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote. Aliyempiga ni Bwana Harusi. Harusi yenyewe hajafunga. Jina alipewa kwa sababu kila mchezo ukiwa na bwana harusi, basi ni yeye. Jukwaani safari hii ni mume wa Kinda. Nje ya jukwaa ni mpenzi wake, na ameshamwambia kwamba anataka kumwoa.

Mapenzi yao tumeyasoma. Leo wanapendana hadi wanakera, kesho hawasalimiani. Kuna siku Bwana Harusi alivunja kioo cha chumba cha kuvalia kwa wivu, kisha akaja na kingine kikubwa zaidi, kimefungwa utepe. Anauma na kupuliza, na mpulizo wake ni mtamu.

Sasa sikiliza vizuri, maana kesi yote imelala hapa. Kofi la jukwaani lina utaratibu wake. Mume anasimama dirishani, mgongo kwa mke. Mke anaingia na kikombe cha chai kwa mlango ulio jirani na dirisha, anampita mume karibu kabisa, anakwenda kusimama kwenye alama ya utepe iliyobandikwa sakafuni. Akifika, anaweka kikombe mezani. Kikombe kikilia kwenye kisahani, hiyo ndiyo ruhusa. Mume anageuka na kurusha mkono, mkono unapita hewani bila kumgusa mtu, na mke, ambaye sasa viganja vyake viko huru, anavigonganisha mwenyewe pale chini ya mtandio. Ukumbi unasikia kofi na kuguna.

Kwa hiyo anayetoa ruhusa ni anayepigwa. Hakuna kikombe, hakuna kofi. Ndiyo maana Mwongozaji wa mchezo alipiga marufuku vikombe vya udongo nyuma ya jukwaa, na watu wote wanakunywa chai kwenye plastiki huku wakinung'unika.

Ijumaa ile Kinda hakuwa amefika kwenye alama. Alikuwa akimpita mume, ameyatupa macho pembeni kidogo, na kikombe bado kiko mkononi.

Pazia lilipofungwa Bwana Harusi alikuwa wa kwanza kupiga magoti.

"Nilisikia kikombe," alisema.

"Kikombe nilikuwa nimekishika."

"Nilisikia kikombe, nakuapia. Kililia. Ningegeuka vipi bila kusikia kitu?"

"Na ulipogeuka hukuniona?"

"Nikishageuka, mkono umeshaondoka. Ukiondoka haurudi. Wewe mwenyewe mwigizaji, unajua."

Alimfuta damu kwa leso yake, taratibu, na machozi yakamtoka. Kinda aliyatazama machozi yale asijue ayaweke wapi. Mwanamume huyu katika mchezo uliopita alilia kila jioni mwezi mzima, na machozi hayakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Mwongozaji aliingia. Ni mtu mzima, mkavu wa maneno, na kila onyesho husimama pembeni mwa jukwaa hadi mwisho. Bwana Harusi akanyanyuka na kutoka bila kumsalimu.

"Binti, nakuuliza mara moja," Mwongozaji alisema. "Amekupiga makusudi?"

Kinda aliibana leso mdomoni.

"Ukisema ndiyo, namfukuza leo hii. Lakini nafasi yake hakuna mwingine anayeijua. Na Jumapili wale wa jumba kubwa la maigizo wanakuja, na wanakuja kukutazama wewe. Ukisema hapana, mnapanda wote. Nipe jibu kabla ya Jumapili."

Ndugu msomaji, jumba lile unalijua. Alhamisi Mwongozaji alimpeleka Kinda kwa gari lake mwenyewe kwenda kusalimiana na wakubwa wa huko. Wakimpenda, anaacha kucheza kwenye ukumbi wa viti vya kukunja na kuwa mwigizaji wa kulipwa, kazi aliyoiota tangu akiwa anamwigiza mwalimu wake mbele ya wadogo zake. Na habari za lile gari zilimfikia Bwana Harusi siku ileile. Hakusema kitu. Kunyamaza si desturi yake, na hilo peke yake lilitosha kumnyima Kinda usingizi.

Jumamosi asubuhi Kinda alikwenda kwa shangazi yake.

Shangazi ndiye fundi wa mavazi wa kikundi. Meza yake ya pasi iko nyuma ya ukuta wa mbao uliochorwa dirisha, dirisha lile lile ambalo Bwana Harusi hulitazama. Ndiye aliyemlea Kinda baada ya mama yake kufariki, ndiye anayemfunga vifungo kila onyesho, na ndiye asiyemtaka Bwana Harusi hata kwa dawa. Hakumpa mtoto wa kaka yake nafasi ya kusalimia. Alilitandaza gauni mezani.

"Tazama."

Doa la chai lilianzia kifuani likashuka hadi magotini.

"Kikombe kilichowekwa mezani kinamwagikia gauni?" Shangazi aliuliza.

"Hapana."

"Basi kilikuwa wapi?"

"Mkononi. Hilo nalijua, shangazi."

"Kama unalijua, unatafuta nini tena? Amekupiga bila ruhusa. Nikuandikie ukutani?"

"Anasema alikisikia."

"Mwanangu, mwanamume akitaka kusikia kitu, atakisikia."

Kinda alitoka pale na moyo mzito kama nguo iliyoloa. Alikuwa ameshaamua. Angekwenda kwa Mwongozaji, angesema ndiyo, na jumba kubwa lingekwenda na maji. Alipita chumba cha kuvalia kuchukua mkoba wake, akamkuta Akiba mbele ya kioo.

Akiba ni yule mwigizaji ambaye hana nafasi. Kazi yake ni kukariri maneno yote ya Kinda na kusubiri Kinda augue. Amesubiri misimu miwili na Kinda hajapata hata mafua. Ukiona mtu anakuuliza hali yako kila asubuhi kwa makini kupita mama yako, mchunguze.

"Pole na mdomo," Akiba alisema.

"Umefurahi?"

"Kidogo. Ungekuwa wewe usingefurahi?" Akiba aligeuka. "Lakini sijafurahi kwa kiasi hicho. Usimfukuzishe mtu bure. Kikombe kililia kweli. Hata mimi nilikisikia."

Kinda akaweka mkoba chini.

"Ulikisikia ukiwa wapi?"

"Nyuma ya ukuta wa dirisha."

"Ulifuata nini huko?"

"Nilikuwa nasubiri. Si ndiyo kazi yangu?"

"Unasubiri ukiwa umevaa nini?"

Akiba alichezea kitana. Mchezo huu una magauni mawili yanayofanana, moja la Kinda na moja la dharura, na la dharura halitoki kwenye kabati mpaka kuwe na dharura.

"Nimekuuliza, ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni la pili," Akiba alisema.

"Mimi niko jukwaani, mzima, sijakohoa, na wewe umeshavaa gauni la pili. Uligonga kikombe na nani?"

"Sikugonga chochote."

"Nani alikuruhusu kuvaa?"

"Nilivalishwa. Usinitolee macho mimi, kamwulize shangazi yako. Alinifunga vifungo kwa mkono wake. Aliniambia nijiweke sawa, huenda leo ukashindwa kumaliza."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi huimba methali hiyo tangu shule bila kuiogopa. Kinda aliiogopa siku hiyo. Alirudi kwenye meza ya pasi akitembea, hakukimbia, kwa sababu alitamani safari iwe ndefu.

Shangazi alikuwa amekaa. Mbele yake, juu ya rundo la mitandio, kulikuwa na kikombe cha udongo na kisahani chake.

"Akiba hawezi kukaa na neno tumboni," Shangazi alisema. "Nilijua utarudi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijua nitapigwa?"

"Sikujua. Nilitaka kujua." Aliondoa pasi kwenye moto wake. "Alhamisi alikuja hapa kuniuliza habari za gari la Mwongozaji. Ulipanda saa ngapi, ulikaa mbele au nyuma, kama ulirudi ukicheka. Aliuliza kwa upole, mwanangu. Mimi niliolewa na mwanamume aliyekuwa akiuliza kwa upole. Wewe ulikuwa mdogo, uliambiwa shangazi ameteleza bafuni. Nimeteleza bafuni miaka yote ya ndoa yangu."

Kinda alikitazama kile kikombe.

"Nilikwambia mwache, ukasema nimezeeka. Basi nikasema mtu huyu ajaribiwe mahali penye watu, ambapo akikuangusha utaokotwa. Asijaribiwe nyumbani kwake, mlango umefungwa. Nikagonga. Nilijua atageuka, atakuona na kikombe mkononi, ataacha. Akiacha, ningekuomba radhi na gauni lako la harusi ningelishona mimi. Hakuacha."

"Mkono ukishaondoka haurudi, shangazi. Hicho ni kitu cha jukwaani. Wewe hukijui."

"Huenda. Lakini aligeuka, Kinda. Mimi nilikuwa natazama kwenye ufa. Aligeuka kwanza, mkono ukafuata."

"Uso wangu ndio kazi yangu. Umeuweka rehani kwa sababu ya mume wako aliyekufa."

Lilikuwa neno kali, na Kinda alijua ni kali kabla halijamtoka. Shangazi aliinamisha kichwa. Kinda alichukua gauni lake, akasema kwamba Jumapili atajifunga vifungo mwenyewe, akaondoka. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyomtia mbio. Kikombe kililia! Bwana Harusi hakusema uongo.

Alimwambia Mwongozaji hapana, si makusudi, tunapanda.

Kisha alimkuta Bwana Harusi kwenye ngazi za ukumbi, ananunua karanga. Akamweleza kwamba kuna mtu aliyegonga kikombe nyuma ya ukuta. Bwana Harusi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbatia mbele ya mwenye karanga.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia nimekisikia."

"Ulinambia."

"Sasa utaniamini?"

"Nimekuamini."

Wakatembea wameshikana mikono. Bwana Harusi alimsimulia atakavyokwenda kwao kujitambulisha, nani atamtangulia, suti gani atavaa. Walikuwa wameshafika kona ya pili Kinda alipogutuka. Amemwambia mtu kwamba kuna mkono wa siri uliogonga kikombe, mkono uliomfanya akampasua mdomo mpenzi wake mbele ya ukumbi mzima, na mtu huyo hajauliza ni mkono wa nani. Wewe usingeuliza? Mimi ningeuliza kabla sijameza karanga.

Usiku aliyarudia maneno ya Shangazi. Aligeuka kwanza. Na alipoyachoka akayarudia ya Bwana Harusi. Ukiondoka haurudi. Mmoja wa wale wawili alikuwa amekosea, na kulikuwa na njia moja ya kujua.

Jumapili mchana, kabla milango haijafunguliwa, wawili hao walipanda jukwaani kulipasha kofi. Hiyo ni desturi ya kikundi. Kofi hurudiwa kila siku ya onyesho, hata kama limeshachezwa mwezi mzima, na hurudiwa kwa kasi yake yenyewe. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mfagizi alikuwa anamalizia safu za nyuma.

Bwana Harusi alisimama dirishani. Mgongo ulikuwa mpana na umetulia.

Kinda aliingia na kikombe. Alimpita. Alifika kwenye alama ya utepe, akasimama, kisha akarudi hatua moja nyuma kwa vidole vya miguu, akawa karibu naye kama Ijumaa. Kama mkono ukiondoka haurudi, mdomo unapasuka tena, onyesho linakufa, wale wa jumba kubwa wanarudi kwao. Lakini mpenzi wake atakuwa msafi. Mungu wangu, alijikuta anaombea apigwe.

Akanyoosha mkono, akaweka kikombe mezani. Kikalia.

Bwana Harusi aligeuka, na mkono ukaja na nguvu zake zote.

Ukasimama. Vidole viligusa nywele tu, pale juu ya sikio, vikatulia.

"Umetoka kwenye alama, mpenzi," alisema, akacheka. Alikuwa amependeza kwelikweli akicheka hivyo. "Umeona lakini? Angekuwa mwingine saa hizi uko chini. Mimi nikikuona tu, nauzuia. Ndiyo tofauti ya mwigizaji na mpiga kelele."

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu aliifupisha mwenyewe kwa sababu ya kujisifu.

Kinda alirudi kwenye alama ya utepe. Alitabasamu, kwa kuwa kutabasamu ni kazi aliyosomea. "Nimeona," alisema.

"Milango inafunguliwa," Mwongozaji aliita kutoka pembeni. "Kila mtu mahali pake. Wageni wetu wako safu ya mbele."

Hakukuwa na wakati wa kwenda popote. Kinda alijifunga vifungo, vile vya mgongoni vikamshinda, na alipogeuka Shangazi alikuwa ameshasimama nyuma yake. Alimfunga kimoja kimoja. Kinda hakumzuia.

"Shangazi, anaweza kuuzuia mkono," alisema kwa sauti ya chini.

Vidole vya Shangazi vilisita kwenye kifungo cha mwisho. "Usipande."

"Nisipopanda, nimempa yeye kazi yangu pia."

Nyuma ya pazia walisimama wawili, yeye na Bwana Harusi, kama mchezo unavyoanza. Mume amerudi kutoka kazini, mke anampokea. Upande wa pili watu walikuwa wanakaa, viti vinalia, mtu anakohoa. Bwana Harusi alikuwa ananyoosha kola.

"Ijumaa," Kinda alisema, "ulipogeuka, uliniona?"

"Tunaanza sasa hivi. Maswali gani haya?"

"Uliniona?"

Alimaliza kola. Akamtazama kwa upole, upole ule ule uliokwenda Alhamisi kwenye meza ya pasi.

"Nilikuona," alisema. "Kikombe ulikuwa nacho mkononi, nilikiona pia. Na macho yako yalikuwa pembeni kule, kwa yule mwenye gari. Mimi ni mumeo, niko hapa, wewe unamtazama yeye mbele za watu." Akamrekebishia mtandio begani. "Leo nitazame mimi. Usinifanye nirudie."

Pazia likafunguka. Taa zikamwagika usoni, na safu ya mbele wakanyamaza kumsikiliza. Mchezo ule huanza na mke, na mstari wa kwanza ni mfupi, hauna mapambo.

"Karibu nyumbani, mume wangu," Kinda alisema.